Bukari ya Faustin

Ndani ya basi ya weusi, Albertine alikuwa amepakata sufuria ya bukari, ugali wa kumpelekea mume wake gerezani. Faustin, mpishi, alishikwa miezi mitatu iliyopita, bwana wake muzungu alipokutwa amepigwa risasi. Nyuma ya Albertine wanaume wawili walikuwa wanabishana.

"Ule mupishi Faustin bamemufungua leo. Nilimupita njia ya Katuba, viatu mu mukono. Aliyeua ni ndugu ya ule muzungu."

"Na ule ndugu bamemufunga?"

"Hapana. Sasa banasema ilikuwa aksida, ajali tu."

"Kumbe mweusi ni kuua, muzungu ni aksida."

"Muntu anarudia kwa bibi yake, baba. Haitoshi?"

"Haitoshi."

Albertine, ambaye hakuulizwa, aliona kwa leo inatosha. Basi iliposimama, gereza lilikuwa bado mbali. Akashuka, akavuka barabara kurudi nyumbani Katuba, bukari ingali moto.