Siti Mshamu na Ndege ya Wagonjwa wa Delta

Wasikilizaji wapendwa, mlioko mtoni na mlioko barabarani, hamjambo. Juzi amezikwa Siti Mshamu wa Mbwera, kwenye delta ya Rufiji. Siti Mshamu, mwanamke aliyedai ndege ya wagonjwa mpaka ikaja.

Siti alikuwa mkulima wa mpunga. Mwaka 1990 mdogo wake, Warda, alishikwa na uchungu. Mtoto amekaa vibaya. Wakampakia kwenye mtumbwi kumpeleka Nyamisati, apate gari la hospitali. Njiani maji yakakupwa. Mtumbwi ukanasa topeni, katikati ya mikoko. Hauendi, haurudi. Siti amempakata mdogo wake. Hapo ikapita ndege ndogo, chini chini, inapeleka watalii mbugani. Warda akaifuata kwa macho.

"Dada, ile haiwezi kutuchukua?"

Maji yaliporudi, Warda alikwishafariki, na mtoto tumboni.

Baada ya arobaini Siti akaenda wilayani. Ofisa mmoja akamwambia, "Bibi, ndege ni anasa. Nchi haina uwezo."

"Na zile zinazotupita juu?"

"Zile za wawekezaji. Siku hizi ni soko huria."

"Basi huria yenu imetuacha topeni," akasema Siti, akaondoka.

Hasira ile hakuilalia. Ijumaa alisimama nje ya msikiti pale Kibiti, akiomba michango ya ndege. Jumapili mwalimu Paschal, mtu wa bara aliyefundisha Mbwera, alimpeleka kanisani. Watu wakatoa mpunga, kamba wakavu, mikeka ya ukindu. Shirika moja la hisani lenye ndege likakubali: michango inunue mafuta, wanakijiji watengeneze kiwanja cha kutua. Wakafyeka, wakashindilia udongo. Ndipo ofisi ya wilaya ikasimamisha kazi. Eti hakuna kibali.

Kibali, wasikilizaji wapendwa. Miaka miwili ya kusubiri kibali. Ndani ya miaka hiyo kampuni ya uwindaji ilipewa kiwanja chake, ikakitumia. Na wanawake wa delta wakazidi kufa wakijifungua.

Siti akachukua wenzake, wengine wajawazito. Wakaketi mlangoni mwa ofisi na masufuria yao. Wakapika hapo, wakalala hapo.

"Tutazalia hapahapa," akamwambia ofisa.

Kibali kikatoka.

Mwaka 1994 ndege ikatua Mbwera. Wa kwanza kubebwa alikuwa Emmy, mke wa mwalimu Paschal. Alijifungua salama. Siku ya sherehe, ofisa yuleyule akashika kipaza sauti, akajisifu. Kisha Siti akaombwa ashukuru.

"Nawashukuru waliotoa mpunga wao," akasema. "Wewe nakuuliza, Warda alikuwa anasa?"

Akarudisha kipaza sauti, akaenda zake.

Mwanawe, Sadallah, alituambia jana: "Mama hakupenda kuitwa shujaa. Alisema hilo ni neno wanalokupa ili unyamaze."

Sadallah, na ndugu wote wa Mbwera, poleni sana. Mungu amrehemu Siti Mshamu. Nanyi mlio maofisini, tafakarini. Watu wa kijiji cha Ngarambe nao wamefyeka kiwanja chao cha ndege. Wanasubiri kibali. Nani amekikalia?