Wasiwasi wa Makufuli Matatu

Benchi letu liko nje ya kibanda cha fundi kufuli, na wanaolikalia ni wasomi wa kusoma wapita njia. Kamusi ni karani mstaafu anayejua maana ya kila neno isipokuwa "nyamaza". Jaji hajasomea sheria. Aliitwa mahakamani kutoa ushahidi, mara moja, akarudi na cheo. Jumanne moja Fundi mwenyewe hakugusa kahawa. Jana yake alikuwa amefunga kufuli la tatu kwenye mlango wa nyumba yake. Mkewe aliliangalia, akasema, "Mume wangu, una wasiwasi," akabeba mkoba akaenda kwa kaka yake.

Mngedhani tulijadili namna ya kumrudisha. Hilo ni dogo mno kwa benchi letu. Tulijadili neno.

— Asili yake Kiarabu, alisema Kamusi. Ni kunong'ona. Mtu ananong'onezwa moyoni.

— Na nani? aliuliza Fundi, macho yamemtoka.

— Hapo ndipo pa kuchunguza, alisema Jaji.

Kahawa ikazunguka. Jaji akashikilia kwamba neno ni la hapahapa, ni mlio wa kandambili za mtu anayenyata mlangoni: wasi, wasi, wasi. Kamusi, asije akashindwa, akadai zamani kilikuwa cheo. Mfalme hakulala bila waziri wake wa wasiwasi. Fundi akataka kujua kama waziri huyo alikuwa ameoa. Wakamfariji kwa methali: haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo aongeze kufuli la nne.

Ndipo akatokea shemeji yake, yule kaka wa mke, muuza mbao asiye na maneno mengi.

— Shemeji, dada yuko tayari kurudi leo. Ila kanituma nikuulize: ulikuwa unamshuku nini?

Fundi akamtazama Kamusi, Kamusi akatazama kikombe. Jaji, ambaye hukumu yake hutangulia kesi, akakohoa.

— Basi nitamwambia bado unafikiri, alisema shemeji, akageuka.

Fundi akainuka, kibanda akakiacha wazi, jambo ambalo hatujapata kuliona.

— Ngoja, shemeji. Twende nikamwambie mwenyewe kwamba sijui.

Tukawasindikiza kwa macho mpaka wakakata kona. Kamusi akajisogezea kikombe cha Fundi.

— Huyo shemeji ana pikipiki, alisema. Mbona leo kaja kwa miguu?

Tukasogeleana.