Dakika Ishirini za Winfred Gatakaa

Winfred Gatakaa alizaliwa Ruiri, Buuri, tarehe 9 Aprili 1992. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Mithika na Mama Igoki. Mimi ninayewasomea wasifu huu, Muthomi, ni kaka yake mkubwa, na ni mwalimu wa hesabu. Aliniita Mwalimu hata nyumbani.

Alisoma shule ya msingi karibu na kwetu kuanzia 1998 hadi 2005. Akiwa darasa la saba alichukua daftari langu la marudio ya kidato cha nne, akachora mbuzi kwenye pembe ya kila ukurasa. Ukizipeperusha kurasa kwa kidole gumba, mbuzi aliruka ua. Nilishikwa na hasira nikachana kurasa kumi za katikati, kisha nikamshtaki kwa baba. Gatakaa alichapwa. Baadaye alimwambia mama kwamba viboko si hoja. Kilichomuuma ni kuwa mbuzi wake sasa alikuwa anakwama hewani.

Sekondari alisomea Embu, 2006 hadi 2009, kisha akaingia chuo cha ufundi mjini humo na kupata stashahada ya kompyuta mwaka 2013.

Machi 2015 aliajiriwa na kampuni ndogo ya kutengeneza michezo ya simu, mjini Embu, pamoja na Caroline ambaye yuko nasi hapa. Kazi yake ilikuwa moja: mchezo usikwame. Kinachoonekana kikitembea kwenye kioo cha simu ni picha zilizotulia, zinazopokezana upesi, na Gatakaa alitaka ziwe sitini kila sekunde. Simu ikishindwa alikubali thelathini, mradi zifuatane sawasawa, bila kurukaruka. Alikuwa akirekodi simu moja kwa kamera ya nyingine, halafu anahesabu picha moja moja na kuandika daftarini. Simu za bei ghali hazikumhangaisha. Alizijali hizi zetu, ambazo ukizichezea kidogo zinapata moto na kuanza kuzembea. Mimi watu wakiniuliza, nilisema dada yangu yuko kwenye mambo ya kompyuta, nikabadilisha mazungumzo.

Alifunga ndoa na Njuki hapa Kibugu, tunapomzika leo, tarehe 12 Agosti 2017. Siku wazee wa Kibugu walipokuja Ruiri kwa mambo ya mahari, waliuliza binti anafanya kazi gani. Nilidakia kwamba ni karani. Niliona haya kutamka neno michezo mbele ya wazee. Gatakaa aliinama akaendelea kugawa chai. Mama mkwe wake, Mama Wambura, alipokuja kuujua ukweli alimkalisha chini akamwonyesha jinsi mkono wa mchuma majani unavyokwenda bila kusimama. Humo ndimo ulimotoka mchezo wake wa mwisho, wa kuchuma majani chai. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Wambura mdogo, mwaka 2019.

Oktoba 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki alifanya kazi akiwa kitandani, daftari juu ya mto. Yanayofuata kamati ya mazishi haikuniomba niyaandike.

Ijumaa tarehe 5 Septemba mwaka huu, 2025, alinipigia simu. Alisema, "Mwalimu, hiyo simu yako ndiyo watu wengi wako nayo. Nimekutumia game. Cheza dakika twenty bila kuacha, ishike moto, alafu uniambie kama mkono unakwama." Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na moyoni nilijiambia mtu mzima wa miaka yangu hachezi simu. Jioni nikamwandikia: "Iko sawa kabisa." Sikuwa nimeufungua.

Jumatatu waliutoa mchezo kwa watu. Wiki haikuisha malalamiko yakaanza kwamba mchezo unakwama. Gatakaa alinipigia tena, sauti imepungua, akaniuliza nilicheza dakika ngapi. Nikamwambia ishirini. Akanishukuru. Nilikata simu nikijua nimemdanganya mgonjwa, na bado sikuufungua.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, Njuki akiwa amemshika mkono. Wiki iliyofuata Njuki alinipa daftari lake, akidhani litanifariji. Humo kila simu ina mstari wake, na hesabu za picha kwa mkono wake. Simu yangu tu ndiyo haina hesabu. Ameandika: "Dakika 20. Haikwami. Mwalimu amehakikisha." Chini yake: "Shida haiko hapa, tafuta kwingine." Kurasa kumi na moja zinazofuata anatafuta kwingine. Ameondoa vivuli, ameondoa mawingu, amepunguza mashamba ya nyuma, ili mchezo uwe mwepesi. Mwandiko unazidi kulegea hadi tarehe 11 Oktoba.

Juzi niliketi jikoni kwa mama nikaucheza mchezo wa dada yangu kwa mara ya kwanza. Ni mzuri. Mkono ulikwenda kama wa Mama Wambura mwenyewe. Dakika ya kumi na mbili simu ilipata moto, na mkono ukakwama hewani. Nimemwambia Caroline. Simu nimemwachia, aimalizie ile kazi, na daftari ni la Wambura mdogo.

Gatakaa ameacha mume wake Njuki, binti yake Wambura, wazazi wake Mzee Mithika na Mama Igoki, mama mkwe wake Mama Wambura, mwenzake wa kazi Caroline, na mimi kaka yake, mtu pekee ambaye hakumhesabia hata dakika moja, akamdanganya mara mbili.

Gatakaa, haikuwa sawa. Pumzika kwa amani.