Aliyesoma Matangazo ya Kila Ghorofa

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutufuta machozi, familia inawasomea maisha ya mama yetu, kwa tarehe tulizozihakiki kwenye vyeti vyake, maana mambo ya kukisia yeye hakuyapenda.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi viatu na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akaishia hapo ili kumuuguza mama yake, ingawa kusoma hakuacha, hata karatasi iliyofungiwa sukari aliimaliza kwanza ndipo akaitupa.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa kufanya usafi katika jengo la ofisi la ghorofa tano, lisilo na lifti. Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, alifunga ndoa na dereva wa lori, mtu wa utani mwingi, wakajaliwa watoto watatu, fundi umeme, mwalimu, na kitinda mimba anayewasomea haya. Baba alifariki mwaka 1994, na mwaka uliofuata daktari akamwambia mama kwamba kile kikohozi cha alfajiri, na kifua kinacholia kama filimbi, ni pumu, inayochokozwa na vumbi na dawa kali za kusafishia.

Akiwa na watoto watatu wanaomtegemea yeye peke yake, aliogopa kwamba msimamizi akijua atamwachisha kazi, kwa hiyo aliificha miaka minne. Inhela, kile kichupa cha dawa ya kuvuta, aliitia ndani ya soksi, akavutia chooni huku bomba likitiririka ili isisikike, na pumzi ilipomkatikia kwenye ngazi alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa kila ghorofa akijifanya anasoma, na kwa kuwa hakuweza kujifanya tu, alisoma kweli, akajua nani kapandishwa cheo na nani anastaafu kabla ya wenyewe, wenzake wakambandika jina la Gazeti.

Jumanne, tarehe 8 Juni 1999, inhela ikamwishia dawa bila yeye kugundua, akaanguka ghorofa ya nne. Aliyembeba mgongoni mpaka chini alikuwa msimamizi yuleyule, ambaye baadaye, mgonjwa alipoweza kuzungumza, alimwuliza kwa ukali, mama, miaka yote hii ulikuwa unasoma tangazo gani, naye akamjibu kwamba kosa ni lao, wanaandika mafupi mno, pumzi hairudi.

Hakufukuzwa. Alihamishiwa ghorofa ya chini, dawa kali zikabadilishwa, ufagio mkavu ukaachwa, likatumika tambara bichi, na mama akaanza kuvuta inhela ya kahawia, ya kukinga, asubuhi na jioni, awe anaumwa au mzima, kisha akisukutua mdomo, na ile ya bluu ya kumwokoa akibanwa ikakaa mezani wazi kabisa. Alifanya kazi hivyo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2017.

Hata hivyo, nyumbani aliendelea kutuambia kwamba amechoka tu, nasi tukajifunza kutomwamini. Lakini Jumapili, tarehe 4 Agosti 2024, baada ya siku tatu za mafua, alitupigia simu mwenyewe, mmoja mmoja kwa kufuata umri, akasema bila kuzunguka kwamba pumzi inamkatikia, ya bluu haisaidii, njooni. Tulimkuta anaongea. Hospitalini ilionekana nimonia, akapigana nayo siku sita, sote watatu tukiwa kando yake, akitutania na kumuuliza kila muuguzi anatoka zamu saa ngapi, hadi Jumamosi, tarehe 10 Agosti, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, alipofariki akiwa na umri wa miaka sitini na saba, miezi minne na siku ishirini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupatia gari bila kuuliza tunakwenda wapi, na wafanyakazi wenzake, hasa mzee aliyembeba mgongoni, ambaye leo ameketi nasi hapa.

Mama, siku hizo sita ulitupatia wewe, kwa kusema mapema. Pumzika kwa amani.