Mzee Hodi na Mlango Mmoja Uliobaki

Baada ya miaka thelathini na nne katika Idara ya Usanifu wa Barabara, mwenzetu tunayemwita Mzee Hodi anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Tuliambiwa tuandike kwa uchangamfu. Tumejaribu, na mtatusamehe pale uchangamfu utakapotuponyoka.

Alijiunga nasi kijana mwembamba, enzi ambazo michoro ilichorwa kwa wino na makosa yakakwanguliwa kwa wembe. Leo kila meza ina kompyuta, lakini droo yake haijawahi kukosa wembe. Ramani huzikandamiza kwa kikombe kilichovunjika mkono, na ole wake mhudumu atakayethubutu kukitupa.

Hafichi makosa yake. Mwanzoni mwa kazi alisanifu daraja la waenda kwa miguu lililosifiwa na kila mkubwa. Wananchi walilitazama, wakaona zile ngazi, wakaendelea kuvuka chini kati ya magari. Alikwenda akakaa kando ya barabara siku nzima, akarudi akituambia kwamba hakuna mtu atakayepanda ngazi kumfurahisha mhandisi. Tangu hapo hakuchora barabara asiyoitembea kwa miguu, tena wakati wa mvua, aone maji yanapita wapi. Vijana wapya aliofuatana nao walirudi wakichechemea, viatu mkononi. Yeye aliwachemshia chai huku akiwacheka.

Jina la Hodi alilipata kwa sharti lake moja. Unapopanua barabara, kuna nyumba zinazoangukia ndani ya mstari, na wapo mafundi wa kuzipiga ukutani alama ya X nyekundu, kwamba zitabomolewa. Mzee alikataa rangi itangulie. Aliyechora mstari ndiye abishe hodi, amtazame mwenye nyumba usoni na kumweleza. Alitukanwa, akamwagiwa maji, na safari moja mbwa alimrudisha ofisini na nusu suruali. Hata hivyo, milango ilimfungukia. Wengi waliomtukana asubuhi walimsindikiza jioni hadi kwenye gari.

Kisha ukaja mradi wake wa mwisho: kupanua barabara kuu kutoka njia mbili hadi nne. Kwenye kona moja, upande wa kushoto, kuna kituo cha afya, na wodi ya wazazi imeegemea barabara kabisa. Upande wa kulia palikuwa na nyumba chache. Mojawapo ilikuwa ya dada yake.

Huyu si dada wa kusalimiwa kwa simu tu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa cherehani iliyokaa sebuleni, dirishani, akishona sare za watoto wa wenzake. Nyumba nayo aliijenga kwa cherehani hiyohiyo, chumba kimoja kimoja.

Mzee hakuficha kitu. Alimweleza mkurugenzi, akakaa pembeni, na kipande hicho nikapewa mimi ninayeandika haya nikichore upya. Nilikizungusha nilivyoweza. Nilijaribu kupinda kona, lakini magari yangepinduka. Nilijaribu kubana njia, lakini wodi ilibaki mtaroni. Mstari ulirudi palepale Mzee alipouweka, juu ya nyumba ya dada. Kwa sharti lake, mimi ndiye niliyepaswa kubisha hodi. Alikataa. Alisema dada ni wake.

Tulimsubiri ndani ya gari, mimi na fundi wa rangi. Dada alimsikiliza akiwa amesimama kibarazani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakupiga kelele. Alishuka hadi kwenye gari akanyoosha mkono.

“Lete hiyo brashi. Nimeijenga mwenyewe, nitaichora mwenyewe.”

Akapiga X ukutani, kubwa kuliko zote za mradi ule, akamrudishia fundi brashi yake na kuingia ndani. Mlango ukafungwa. Kaka yake alibaki kibarazani, kofia mkononi, mpaka fundi alipokwenda kumshika bega.

Sasa dada anaishi kwa binti yake, mtaa wa pili kutoka hapa. Mzee huenda kila wiki, na kila akienda huambiwa dada amelala, hata saa nne asubuhi, hata cherehani ikisikika inanguruma ndani. Tukimpa pole, hutujibu kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kisha hurudi kwenye michoro yake. Tunaona wazi kwamba jambo hili linamla. Sisi tuliokaa naye tunaumia, na hatuna mchoro wa kulitengeneza.

Barabara imekamilika. Magari yanapita bila kusukumana, na pale kwenye kona wodi imesimama. Wiki iliyopita nilipita nikaona kina mama wakiota jua mlangoni, vichanga mapajani. Hawajui chochote kuhusu cherehani iliyokuwa ng'ambo, na hakuna sababu wajue. Lakini sisi tunajua, ndiyo maana tumeandika.

Mzee, asante kwa miguu yako iliyotutangulia kwenye matope, na kwa kutufundisha kwamba nyuma ya kila mstari kuna mtu anayefagia uwanja wake. Tumesikia hutaki sherehe ichelewe kwisha, kwa kuwa una mahali pa kupita ukitoka hapa. Nenda, tutakubebea zawadi.

Tunakutakia maisha mema. Na ukibisha hodi leo, ufunguliwe.