Dakika Kumi za Basi la Kusini: Risala ya Mafundi Vioo na Wakazi wa Hassi Zerga

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usafiri wa mkoa wetu. Maofisa mliofuatana naye. Dereva wake, ambaye naona amechoka. Na ninyi wenzangu wa Hassi Zerga, kumi na wanane mliosimama hapa na wawili waliobaki kitandani: Assalaam alaykum.

Kabla sijaifungua karatasi, niseme jambo ambalo halikuandikwa. Upepo umeanza ghafla, na msaidizi wako amenijia akaniambia, "Mzee, wewe soma tu hapo nje, bosi atakusikiliza akiwa ndani ya gari. Mchanga unamsumbua macho." Tumekubali. Tulikuwa tumekutandikia zulia na kukuwekea kiti chenye mto, lakini mchanga wa huku tunaujua. Kwa hiyo nimesimama karibu na mlango wako wa nyuma, ninasoma huku nikikitazama kioo chako cheusi. Ninajiona mwenyewe, na kilemba changu kimekaa upande. Jina langu ni Lakhdar, fundi vioo, miaka thelathini na mmoja kazini. Sasa naanza.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi mafundi wa karakana ya vioo, pamoja na wakazi wote wa kituo hiki, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Umekuja kutukabidhi cheti kwa sababu barabara yetu imetimiza miaka kumi bila abiria kufa kwa kukatwa na kioo. Tunashukuru. Mara ya mwisho ofisa wa mkoa kusimama hapa alikuwa amepotea njia. Tulimpa chai, tukamwelekeza, akaenda zake.

HISTORIA YA KITUO

Hassi Zerga ilianza kama kisima, ikawa kituo cha basi, halafu karakana. Mabasi ya zamani yalisimama hapa kwa lazima. Injini ilikuwa inachemka na abiria wanachemka pia. Vioo vilikuwa vya kusukuma pembeni, navyo vilikwama kwa mchanga, basi mtu anasafiri kwa muda wa saa kumi na mbili huku nusu ya uso wake ikipigwa na upepo wa moto. Waliposhuka hapa walikuwa weupe kwa vumbi, hata mama hamjui mwanawe mpaka acheke.

Wasioshuka tuliwahudumia dirishani. Hapo ndipo ilipoanza desturi yetu ya kitambaa, na naomba uisikilize vizuri maana nitairudia. Mama wa hapa akiwa na mtoto anayepita na basi, humfungia mkate wa moto ndani ya kitambaa na kumpa dirishani. Mtoto anakula njiani. Safari ya kurudi, anampa mama yake kitambaa kile kile, kimefungwa fundo, na ndani ya fundo mna kitu: kipande cha sabuni, dawa ya macho, tende za huko aliko. Kitambaa hakibaki. Mtu akikaa nacho, tunasema amemkata mama yake. Mkate si muhimu sana, mkate upo kila mahali. Kinachongojwa ni kitambaa.

Lakini tusidanganyane, Mheshimiwa, vioo vile viliua. Mdogo wangu Djelloul alikuwa utingo. Basi lao liligonga lori lililoharibika, kilomita sitini kutoka hapa, na kioo cha mbele kikakatika mapande mapande marefu. Gari lenyewe halikuumia sana. Madaktari walisema bila kile kioo angetoka na michubuko. Mimi ndiye niliyemfunua uso pale msikitini, na baada ya arobaini nikaomba kazi ya vioo. Sikuianza kazi hii kwa kupenda ufundi. Nilikuwa na hasira.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, leo kioo cha mbele cha basi ni vioo viwili vilivyobanwa na utando laini katikati. Kikipigwa jiwe kinapasuka, lakini vipande vinashikwa na utando, havimrukii mtu. Vya pembeni vimepikwa kwenye joto kali na kupozwa ghafla, kwa hiyo vikivunjika vinamwagika punje punje kama chumvi ya mawe. Kioo cheusi kinazuia jua, na kiyoyozi hakihangaiki. Kelele za upepo hazipiti. Abiria wanalala mpaka kusini, watoto hawatapiki, na mjamzito anasafiri bila kufungwa vitambaa vya maji kichwani.

Na sisi tumo katika mafanikio hayo. Miaka sita iliyopita kampuni ya mabasi ilituletea sampuli tatu za vioo vya pembeni, wakatuuliza: ninyi mnaolijua jua la huku, tuweke kipi? Tulikaa siku mbili tukijadiliana, tumefurahi kuulizwa. Mwenzangu Kaddour, yule pale anayejificha nyuma ya mlingoti, ndiye aliyesema, "Wapeni kile cheusi kabisa, watu wapumzike."

Nikamuuliza, "Na madirisha ya kufungua?"

Akanijibu, "Ya nini tena, Lakhdar? Waingize vumbi, halafu waje wakulaumu wewe?"

Tukaandika: kioo cheusi kabisa, kisichofunguka. Tukatia saini mafundi wote wanne. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza sisi tulio nje tutawaonaje walio ndani. Mafundi wa vioo, Mheshimiwa. Kila siku tunavishika.

CHANGAMOTO

Kwenye rasimu tulikuwa na changamoto nyingi. Pampu ya kisima, mwalimu aliyehama, bei ya gesi. Wazee wamezifuta zote, wakasema tukitaja nyingi utakumbuka ile rahisi. Imebaki moja: basi halisimami.

Halina haja ya kusimama. Abiria hawana joto, hawana vumbi, hawana kiu. Miaka miwili baada ya vile vioo, kituo chetu kilifutwa kwenye ratiba. Hatukuonewa na mtu. Basi linapita Jumapili na Jumatano saa tisa alasiri, jeusi na safi, kimya. Tunatoka wote kulitazama. Tunapunga mikono. Halafu tunarudi ndani kuchemsha chai.

Niruhusu nimtaje Bi Mebrouka, ana miaka themanini na moja. Binti yake Keltoum ni muuguzi kusini, na watoto wa Keltoum wanasoma kaskazini kwa baba yao. Kila mwisho wa mwezi anapita hapa kwenda kuwaona, ana siku tatu tu za likizo. Kituo kinachofuata kiko kilomita mia na arobaini. Akishuka huko, kurudi huku ni kwa lori la kubahatisha, na siku zake zimekwisha njiani. Na Bi Mebrouka kwa magoti yale hawezi kupanda lori. Simu ipo, ndiyo. Simu haina mikono.

Kwa hiyo mwisho wa kila mwezi Bi Mebrouka anasimama ukingoni na mkate mkononi. Usiku Keltoum anampigia: "Mama, nimekuona. Ulivaa gauni la bluu."

Na mama yake anamjibu, "Nina gauni gani jingine? Unanituliza tu ili nilale."

Miaka minne wanabishana hivyo. Mkate tunakula sisi. Anatugawia kipande kipande.

Mgeni rasmi, sasa nafika kwenye siku ya ngamia. Mwaka jana mwezi wa tatu, ngamia alikatiza mbele ya basi, kilomita nane kutoka hapa. Kioo cha mbele kilipasuka chote kama utando wa buibui, lakini hakikuanguka. Dereva alichubuka kiwiko. Abiria arobaini na mmoja walikuwa wazima, hata damu ya pua hapana. Basi lilipojikokota mpaka karakanani kwetu tulifunge kioo kipya, nikauona ule utando umekishikilia kile cha zamani, nilikwenda nyuma ya karakana nikamlilia Djelloul, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Kwetu sisi, cheti ulichotuletea ni cha siku ile.

Lakini kuna jambo halimo kwenye taarifa, nasi tumekubaliana kulikiri. Gundi ya kioo cha basi inahitaji saa mbili kukauka. Tuliwaambia sita. Dereva aliuliza, "Sita kweli, mzee?" na Kaddour akamwambia, "Gundi ya huku ni nzito, mwanangu, isipokauka vizuri kioo kitakuachia njiani." Uongo mtupu. Tulitaka wakae.

Wakakaa. Tulichinja mbuzi wawili. Kina mama wakapika mikate mpaka unga ukaisha. Mwanafunzi mmoja aliwafunga karata wazee wote, wakamwita mwizi na kumwongeza nyama. Mtoto wa watu alilala mapajani kwangu saa nzima, mguu ukafa ganzi nisiuondoe. Mungu atusamehe, siku ya ajali ile ndiyo siku tuliyofurahi kuliko zote katika miaka minne.

Karibu na mwisho niliingia ndani ya basi, Kaddour anamwagia kioo maji, mimi naangalia kama kinavuja. Hakikuvuja. Nikakaa kiti cha kumi na saba kupumzika, nikageuza uso dirishani. Mheshimiwa, niliona kila kitu. Kisima, mlingoti, nyufa za ukuta wetu. Nikamwona Bi Mebrouka amesimama nje, hatua tatu kutoka kwangu. Keltoum hakuwamo kwenye basi lile, lakini mkono ulishazoea, alikuwa anakipungia kioo kitupu kwa kitambaa. Niliziona hata nyuzi zilizofumuka pindoni. Nikampungia. Akaendelea kutazama juu ya kichwa changu. Nikagonga kioo, hakusikia. Nimefunga vioo maisha yangu yote na sikuwahi kukaa upande ule.

Nilishuka nikamwambia, "Bi Mebrouka, anakuona. Wallahi anakuona vizuri kabisa, mpaka pindo."

Akasema, "Basi miaka yote hii amenitazama nikitafuta-tafuta kama kipofu. Masikini mwanangu." Akaingia ndani. Nilidhani nimempa habari njema.

OMBI

Mgeni rasmi, tuliandika maombi saba, tumefuta sita. Hatuombi vioo vya zamani virudi. Mtu yeyote asije akasema wakazi wa Hassi Zerga wanataka vioo vya zamani, mimi wa kwanza nitamkatalia. Weka vioo vizuri zaidi ya hivi. Tunaomba dakika kumi. Basi lisimame hapa dakika kumi, Jumapili na Jumatano, mlango ufunguliwe. Asiyetaka kushuka asishuke. Chai ni bure, na hatutamwambia mtu habari za gundi.

Karatasi hii ilikuwa imeisha hapo, lakini nimesimama mbele ya kioo hiki karibu robo saa sasa. Ni kioo kizuri, tabaka mbili, kinazuia joto na kelele. Mimi sijui kama umesikia neno hata moja. Sijui kama umelala, au unasoma simu, au unanitazama machoni. Ninachojua ni kile nilichokiona kutoka kiti cha kumi na saba, kwamba ukitaka kutuona, unatuona.

Mwenyezi Mungu akupe afya na safari njema, akulindie watoto wako popote wanapopita, na barabara ya kusini aiepushe na damu. Ni sisi, Mafundi Vioo na Wakazi wa Hassi Zerga, watu ishirini na mmoja.

La mwisho, Mheshimiwa. Bi Mebrouka amekuja mlangoni kwako, huyu hapa kando yangu mwenye gauni la bluu. Leo ni Jumatano ya mwisho wa mwezi na basi limeshapita. Amesema mkate wa Keltoum wa leo upewe wewe. Bado una moto. Tafadhali shusha kioo uupokee, na kitambaa chake ukirudishe mwenyewe.