Mama Mkwe Kwenye Kioo

Katika basi la kwenda Misigiri, Scola alimshangaa mzee aliyeketi kando yake. Ana simu ya rangi, mpya kabisa, lakini kaifunika kiganjani kama kitu cha aibu.

"Shikamoo mzee. Simu nzuri hivyo, mbona huitazami?"

"Marahaba. Nzuri ya nini, mwanangu? Mke wangu kamweka mama yake humo kwenye kioo. Nikibonyeza tu, mkwe ananikodolea macho. Alipokuwa hai sikuthubutu kumtazama usoni, nitaweza leo akiwa marehemu? Afadhali juani, kioo kinafifia. Huko ndiko ninakopigia simu zangu zote."

Scola, ambaye simu yake ya tochi haikuwahi kumkodolea mtu macho, akainyooshea mkono.

"Nitolee huyo mama," mzee akasihi akimkabidhi simu, uso kaugeuzia dirishani.

Scola akabonyezabonyeza. Simu ikamuuliza jambo kwa Kiingereza, akakubali.

"Tayari. Nimemtoa."

"Umemweka wapi?"

"Nimemfuta, mzee. Si umesema nimtoe?"

Mzee akageuka, akakikazia macho kioo kwa mara ya kwanza. Kilikuwa buluu tupu.

"Hatukuwa na picha yake nyingine," akasema taratibu, "na mke wangu yule pale kituoni ananisubiri."

Basi likasimama.